Umeme mpotevu katika mabanda ya ng'ombe wa maziwa: Yaliyojiri Wisconsin na yanayotuhusu

Na Mwandishi Wetu

Katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, ambako hata vibao vya namba za magari hutangaza kuwa hiyo ndiyo nchi ya maziwa, mamlaka ya udhibiti wa huduma za umma iliweka mwaka 1996 kiwango cha umeme ambacho kikipimwa mahali ng'ombe anapogusa, suala haliachwi tena mikononi mwa mfugaji peke yake. Kiwango hicho ni miliampea 2, sawa na msongo wa volti 1 katika ukinzani wa omu 500. Ni kiasi kidogo mno. Mtu aliyevaa buti za mpira hawezi kuuhisi msongo huo, na betri moja ya tochi ina msongo mkubwa kuliko huo. Hata hivyo, kwa zaidi ya miongo minne kiasi hicho kidogo kimewafikisha mahakamani wafugaji na makampuni ya umeme, kimezaa kanuni katika majimbo na nchi kadhaa, na kimewagawa watu ambao kwa kawaida wangekuwa upande mmoja: mfugaji, fundi, daktari wa mifugo na mtafiti.

Suala hili lisichanganywe na ajali za waya uliokatika na kuua mifugo malishoni wakati wa mvua. Katika ajali hizo umeme huua papo hapo na chanzo huonekana kwa macho. Kinachoitwa umeme mpotevu ni kitu kingine. Ni tofauti ndogo ya volti baina ya vitu viwili ambavyo mnyama huvigusa kwa wakati mmoja, aghalabu chuma na sakafu. Haiui, haiungui wala haikati fyuzi. Ndiyo maana inaweza kukaa bandani miaka mingi bila mtu kuitambua.

Umeme unaoingia shambani kwa waya wa laivu hauna budi kurudi ulikotoka, na njia yake halali ni waya wa nyutro. Katika sehemu kubwa ya Marekani Kaskazini, nyutro hiyo imeunganishwa na ardhi mahali pengi: kwenye nguzo, kwenye transfoma na kwenye ubao mkuu wa umeme wa mteja. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya usalama wa watu, na umeokoa maisha mengi. Lakini matokeo yake mengine ni kwamba sehemu ya umeme unaorudi hupita ardhini badala ya kupita kwenye waya. Mkondo unapopita penye ukinzani huzaa volti, na kwa hiyo nyutro ya shamba huwa na tofauti ndogo ikilinganishwa na udongo ulio hatua chache kutoka hapo. Kwa kuwa kanuni zilezile za usalama zinataka vyuma vya banda viunganishwe na mfumo huo, tofauti hiyo huhamia kwenye birika la maji, kwenye mabomba ya maziwa na kwenye vyuma vinavyotenganisha ng'ombe. Mnyama anapoinama kunywa, mdomo ukiwa kwenye chuma na kwato nne zikiwa juu ya zege lenye maji na mkojo, yeye ndiye anayekamilisha saketi.

Sakafu ni ileile na bomba ni lilelile. Tofauti ni kwamba mkamuaji ana buti na ng'ombe hana. Mwili wa ng'ombe, kuanzia mdomoni hadi kwatoni, huupinga umeme kidogo sana, na watafiti wamekubaliana kutumia omu 500 kama makadirio ya kazi. Ukigawa volti 1 kwa omu 500 unapata miliampea 2, na hapo ndipo namba ya Wisconsin ilipotoka. Mtu aliyevaa viatu vikavu ana ukinzani mkubwa zaidi mara nyingi, kwa hiyo akishika bomba lilelile hudhani ng'ombe wake amekuwa mkaidi tu.

Taarifa za awali za kitaalamu kuhusu jambo hili zilitoka Australia mwaka 1948, zikafuatiwa na nyingine kutoka New Zealand na, kufikia mwaka 1969, kutoka jimbo la Washington nchini Marekani. Kilichozifanya taarifa hizo kuwa mgogoro ni mabadiliko ya mashamba yenyewe. Marekani ilianza kusambaza umeme vijijini kwa kishindo mwaka 1935, wakati wa Rais Franklin Roosevelt, kupitia wakala uliojulikana kwa kifupi kama REA, herufi zilezile za Wakala wetu wa Nishati Vijijini. Wakati huo takribani shamba moja tu katika kila kumi lilikuwa na umeme. Mitandao na nyaya za mabandani za kizazi hicho zilijengwa kwa ajili ya taa chache, redio na pampu ndogo. Miongo minne baadaye mashamba yaleyale yalikuwa na pampu za ombwe za kukamulia, matangi ya kupoozea maziwa, mafeni, mashine za kuondoa samadi na vipasha maji. Mzigo ulikuwa umeongezeka maradufu, huku maungio yakiwa yameshika kutu. Mkondo mkubwa ulipolazimishwa kupita kwenye nyutro nyembamba na iliyochakaa, volti zilipanda, na aliyeanza kulalamika, kwa namna yake, ni ng'ombe.

Malalamiko hayo yana sura kadhaa. Ng'ombe husitasita kuingia mahali pa kukamulia, au hutoka mbio baada ya kukamuliwa. Hulamba maji kwa ncha ya ulimi badala ya kuyavuta kwa mkupuo kama ilivyo desturi yake. Hucheza miguu, hupiga teke na kuvidondosha vikombe vya kukamulia. Maziwa hushuka kwa kusuasua, baadhi ya robo za kiwele zikimalizika na nyingine zikibaki na maziwa. Sababu ya hili la mwisho inafahamika: mnyama aliyeshtuka hutoa adrenalini, na adrenalini huzuia kazi ya homoni inayoshusha maziwa. Maziwa yakibaki kiweleni, hatari ya ugonjwa wa kiwele huongezeka. Kuhusu maji, ikumbukwe kuwa takribani asilimia 87 ya maziwa ni maji, na ng'ombe asiyekunywa vya kutosha hawezi kutoa maziwa hata akilishwa vizuri kiasi gani.

Mtu akiisoma orodha hiyo haraka, anaweza kuamini kuwa kila shamba lenye maziwa pungufu lina umeme mpotevu. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu hakuna hata dalili moja kati ya hizo ambayo ni ya umeme pekee. Ombwe la mashine lililowekwa vibaya humfanya ng'ombe apige teke. Mpira wa kikombe uliochakaa huumiza chuchu. Mkamuaji mwenye hasira huzuia maziwa kushuka kwa kutumia homoni zilezile. Maji machafu hulambwa badala ya kunywewa. Lishe duni, joto na uchafu wa malalo hupunguza maziwa na kuongeza ugonjwa wa kiwele. Mfugaji anayepata hasara huona mambo haya yote kwa pamoja, na ni haki yake kutafuta chanzo kimoja. Mtafiti naye huyatenganisha moja baada ya jingine, na jibu lake mara nyingi huwa halimridhishi mfugaji.

Majibu ya watafiti yako wazi zaidi kuliko mabishano yanavyoashiria. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyakusanya mwaka 1991 katika kitabu cha mwongozo namba 696, ambacho hadi leo ni marejeo muhimu katika fani hii. Majaribio yaliyofanywa kwa umeme unaodhibitiwa yalionyesha kuwa ng'ombe wepesi wa kuhisi huanza kubadili mwenendo, kwa mfano kuinua mguu au kukunja uso, mkondo unapofikia takribani miliampea 2 hadi 3. Wengine huhitaji kiasi kikubwa zaidi. Mkondo ukiongezeka, mnyama hukwepa mahali husika, na kama mahali hapo ni birika lake pekee, atachelewa kunywa au atakunywa pungufu. Lakini majaribio hayohayo yalibaini kuwa ng'ombe wengi huzoea kiasi kidogo baada ya siku chache, na kwamba upungufu wa maziwa hauonekani kwa uthabiti katika viwango vya chini. Madhara makubwa hutokea pale umeme unapomzuia mnyama kula, kunywa au kukamuliwa kwa utulivu. Kwa maneno mengine, umeme humdhuru ng'ombe hasa kupitia mwenendo wake, wala si kwa kuuozesha mwili wake kwa siri.

Jambo hilo lilijaribiwa tena kwa uzito huko Minnesota. Katika miaka ya 1990 baadhi ya wafugaji walidai kuwa mikondo inayotembea ardhini, hata pasipo tofauti ya volti inayoweza kupimwa kati ya birika na sakafu, ilikuwa ikiwadhoofisha ng'ombe wao. Jopo la wanasayansi lililoishauri mamlaka ya udhibiti ya jimbo hilo liliwasilisha ripoti yake mwaka 1998. Halikupata ushahidi wa kisayansi wa kuthibitisha dai hilo. Halikukanusha kwamba umeme unaopita katika mwili wa mnyama kwa kiasi cha kutosha humsumbua. Lilichokataa ni kuwepo kwa njia nyingine ya ajabu isiyopitia mwilini mwake.

Mahakama zilikwenda mwendo wake. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya rufaa ya mwisho ya Wisconsin ilikubali kuwa umeme mpotevu unaweza kuwa kero ya kisheria ambayo jirani anaweza kuidai fidia. Mwaka 2003 mahakama hiyohiyo iliamua jambo zito zaidi: kwamba kampuni ya umeme haiwezi kujikinga na dai la uzembe kwa kusema tu kuwa vipimo vyake viko chini ya kiwango kilichowekwa na mamlaka ya udhibiti. Kiwango hicho, kwa mtazamo wa mahakama, ni alama ya kuchukua hatua na si cheti cha kutokuwa na hatia. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Minnesota nayo ilikataa hoja ya kampuni ya umeme kuwa madai ya namna hii hayawezi kusikilizwa mahakamani kwa sababu bei na masharti ya huduma huidhinishwa na mdhibiti.

Kwa mtazamo wa mwandishi, uamuzi wa mwaka 2003 ulikuwa sahihi kisheria na mgumu kiutendaji. Ni sahihi kwa sababu namba ya wastani haiwezi kumsemea kila ng'ombe, na kampuni inayofahamu kuwa maungio yake yameoza haipaswi kujificha nyuma yake. Ni mgumu kwa sababu namba isiyomaliza ubishi huwaacha wananchi kumi na wawili wa baraza la mahakama waamue swali ambalo wataalamu wa umeme na wa mifugo wamelibishania kwa miaka. Shamba moja hulipwa, jirani yake mwenye vipimo vilevile hukosa.

Jimbo la Ontario nchini Kanada lilijaribu kuipunguza hali hiyo kwa utaratibu wa kiutawala. Tangu mwaka 2009 kanuni za mdhibiti wa nishati wa jimbo hilo zinamtaka msambazaji wa umeme apime mahali mnyama anapogusa mfugaji anapolalamika, na kama volti imezidi 1, athibitishe ni sehemu gani inatoka kwenye mtandao wake. Ikizidi nusu volti, ni wajibu wake kurekebisha. Uzuri wa utaratibu huo si namba, bali ni kwamba kila upande unajua mapema nani atapima, atapima nini, na nani atalipa.

Ufaransa nayo inatoa funzo la aina nyingine. Nchi hiyo ilianzisha mwaka 1999 kikundi maalumu cha kushughulikia usalama wa umeme katika mashamba, kinachopeleka wataalamu wa umeme na wa mifugo kwa pamoja shambani. Pamoja na hayo, mgogoro mkubwa ulizuka karibu na Nozay, mkoa wa Loire-Atlantique, baada ya mitambo 8 ya upepo kuanza kazi mwaka 2012. Wafugaji wa mashamba mawili ya jirani walisema ng'ombe wao walianza kugoma kukamuliwa na kufa. Uchunguzi mwingi ulifuata. Desemba 2021 shirika la taifa la usalama wa chakula, mazingira na kazi lilihitimisha kuwa uwezekano wa mitambo hiyo kuwa ndiyo chanzo ni mdogo mno, kama upo. Wafugaji hawakuridhika. Ni vigumu kuwalaumu, kwa kuwa kuambiwa kisichosababisha hasara yako si sawa na kuambiwa kinachoisababisha.

Hata hivyo, pale umeme mpotevu unapothibitishwa, tiba yake si ya kubahatisha. Uzoefu wa mafundi wa Wisconsin na kwingineko ni kwamba mara nyingi chanzo kimo ndani ya shamba lenyewe: maungio yaliyolegea, nyutro nyembamba, mota inayovuja, au kichocheo cha ua wa umeme ambacho waya wake wa ardhini umeunganishwa na vyuma vya banda. Marekebisho huanzia hapo. Tatizo likitoka nje, msambazaji hukaza maungio yake, huongeza unene wa nyutro au huitenganisha nyutro ya shamba na ile ya mtandao kwa kifaa maalumu. Lakini kinga bora zaidi ni ya ujenzi. Wavu wa chuma hulazwa ndani ya zege la sakafu na kuunganishwa na mabomba, mabirika na nguzo zote za chuma, ili kila kitu ambacho ng'ombe anaweza kukigusa kiwe na volti ileile. Pasipo tofauti hapapiti umeme, hata kama banda zima limepanda kwa volti kadhaa. Kanuni za kufunga umeme za Marekani zinaitaka kinga hiyo katika majengo ya mifugo.

Je, haya yanatuhusu? Mfugaji wa Rungwe, Hai au Muheza mwenye ng'ombe wawili, anayekamua kwa mkono kwenye banda la mbao, hana sababu ya kukosa usingizi. Aidha, mtandao wetu haufanani kabisa na ule wa Marekani, kwani kwa kawaida nyaya zetu za msongo wa kati hazifuatani na nyutro iliyochomekwa ardhini nguzo hadi nguzo. Njia kuu ya tatizo la Wisconsin kwa sehemu kubwa haipo hapa.

Ipo njia nyingine. Umeme umeshafikishwa katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na pale ulipofika haukuishia kwenye taa. Unaendesha pampu za visima, mashine za kukatakata majani, vipasha maji na matangi ya kupoozea maziwa katika vituo vya kukusanyia. Mashine za kukamulia nazo zipo katika mashamba makubwa. Tuchukue pampu ambayo kihami chake kimechakaa na inavujisha miliampea 30 kwenda kwenye rodi ya ardhini. Kama rodi hiyo ina ukinzani wa omu 100, vyuma vyote vilivyounganishwa nayo vitakuwa na volti 3. Kiangazi kikikausha udongo na ukinzani ukafika omu 300, volti zinakuwa 9. Fyuzi haitakatika, kwa sababu miliampea 30 kwake si kitu. Taa zitawaka, pampu itavuta maji, na ng'ombe anayenywa kwenye birika la chuma lililounganishwa na pampu hiyo atakuwa amepita mbali kiwango cha Wisconsin. Hii ni hesabu ya darasani na si kipimo cha shamba fulani, lakini kila tarakimu iliyomo ni ya kawaida. Ongeza wizi wa nyaya za shaba za kutulizia umeme, ambao nchi yetu inaufahamu vyema, na hesabu inazidi kuwa mbaya.

Mfugaji mwenye shaka asianze kwa kukata waya wa ardhini ili ng'ombe atulie. Ng'ombe atatulia kweli, lakini siku mota ikipata hitilafu kubwa, chuma hicho kitakuwa na volti 230 na atakayekishika anaweza kuwa mtoto. Aanze kwa kuangalia: je, ng'ombe hulisusa birika moja na kunywa vizuri kwenye ndoo ya plastiki? Je, tabia hubadilika pampu inapozimwa? Kisha amwite fundi mwenye leseni ya EWURA, apime kwa mita iliyowekwa kwenye umeme wa AC kati ya birika na bamba la chuma lililolazwa kwenye sakafu yenye unyevu mahali kwato zinaposimama. Kati ya ncha mbili za mita kiwekwe kikinzani cha omu 500 kinachosimama badala ya ng'ombe, kwani bila hicho mita za kisasa huonyesha volti za kivuli ambazo hazina nguvu ya kusukuma mkondo wowote. Kipimo kirudiwe asubuhi na jioni, mashine zikiwashwa na kuzimwa moja moja. Wakati huohuo afisa mifugo akague viwele, lishe na maji, ili asiye na kosa asilaumiwe, awe ni fundi, ng'ombe au TANESCO.

Kwa upande wa taasisi, kazi iliyopo si kubwa. Hatuhitaji kunakili miliampea 2 za Wisconsin kabla ya kupima mabanda yetu wenyewe. Tunaweza kuanza na mashamba yenye mashine za kukamulia na vituo vya kukusanyia maziwa, ambavyo Bodi ya Maziwa inavifahamu, na kuweka upimaji huo katika ukaguzi ambao tayari unafanyika. Wanaojenga mabanda mapya ya zege, iwe ni ushirika, halmashauri au mwekezaji, waweke wavu wa chuma kwenye michoro tangu mwanzo. Gharama yake wakati wa ujenzi ni ya wavu, viunganishi na siku moja ya fundi; baada ya zege kukauka, itabidi sakafu ichanjwe mifereji kwa msumeno ndipo waya ulazwe. Na kabla zege halijamwagwa, mkaguzi apige picha ya kila kiungo kati ya wavu, bomba na nguzo, picha hizo zihifadhiwe kwenye jalada la jengo, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayeviona tena.